Presha Si Uzee: Utangulizi wa Elimu ya Kinga ya Moyo

Mwaka 1929 jarida la kitabibu la The Lancet, linalotoka London, lilichapisha makala ya daktari aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya. Jina lake lilikuwa C. P. Donnison. Alikuwa amewapima shinikizo la damu watu wapatao 1,000 wa eneo lile, na alichokikuta kilipingana na alichofundishwa kwao. Uingereza presha ilipanda kadiri mtu alivyozeeka. Kavirondo ilipanda ujanani, ikatulia, na baada ya miaka 40 ikaanza kushuka. Tena, katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwenye hospitali yake kwa miaka 2, hakukuta hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha.

Makala ile ina kasoro zake. Umri wa wengi ulikuwa wa kukisia, na mwandishi aliwatazama wenyeji kwa jicho la utawala wa kikoloni. Hata hivyo kipimo chenyewe kimesimama. Karibu miaka 60 baadaye, mwaka 1988, utafiti wa INTERSALT uliwapima watu zaidi ya 10,000 katika vituo 52 vya nchi mbalimbali. Vituo 4 vilijitenga na vingine: watu wake walikula chumvi kidogo sana, presha yao ilikuwa ya chini, na haikupanda sana kwa umri. Kimoja kati ya hivyo 4 kilikuwa Kenya.

Naanza hapa kwa makusudi. Msomaji wetu akifungua kitabu cha afya ya moyo huwa amejiandaa kusoma habari za Wamarekani na Wazungu, kisha mwishoni aongezewe aya moja ya Afrika. Ni kweli kwamba utafiti wa Framingham, ulioanza mwaka 1948 katika mji mdogo wa Massachusetts, ndio uliotufundisha kuhesabu hatari ya moyo mmojammoja: sigara, presha, lehemu, kisukari. Lakini sehemu muhimu ya ushahidi kwamba presha haiji na mvi ilitoka kwa watu wa ukanda huu, kwa damu na mkojo wao. Ni elimu yetu pia, na nakukaribisha uiingie kama mwenyeji.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote, kwa maoni yangu, ulichapishwa mwaka 1990 na Neil Poulter na wenzake. Waliwafuata vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini Nyanza kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Watu walewale, damu ileile, umri uleule. Ndani ya mwezi mmoja tangu wafike mjini, presha ya wahamiaji ilikuwa imeshapanda kuliko ya waliobaki. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi na potasiamu pungufu, yaani chumvi imeongezeka na mboga na matunda yamepungua. Uzito ulikuwa juu. Na kulikuwa na jambo la nne ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: mapigo ya moyo yao yalikwenda kasi zaidi, dalili kwamba mishipa ya fahamu inayouamsha mwili wakati wa hatari ilikuwa kazini hata mtu alipokuwa ameketi. Mlo na mashaka vilifika pamoja, kwenye basi lilelile. Kitabu hiki hakivitenganishi kwa sababu hiyo.

Kabla ya kwenda mbele, lazima niseme wazi kwamba si kila moyo unaougua umeuguzwa na chungu cha jikoni. Watoto na vijana wengi wa Afrika Mashariki huharibikiwa valvu za moyo kwa homa ya baridi yabisi ya moyo, inayoanza na maambukizi ya koo ya bakteria ambayo hayakutibiwa. Dawa ya maambukizi hayo ni penisilini, na kwa aliyekwisha kuugua, sindano za kuzuia yasirudi. Kuna pia ugonjwa wa kuta za ndani za moyo kuwa ngumu, ambao Jack Davies aliueleza Kampala mwaka 1948, na udhaifu wa moyo unaowapata baadhi ya kina mama karibu na kujifungua. Mama mwenye maradhi haya akiambiwa kwamba ameyataka kwa kula vibaya anaonewa. Tutakayozungumza hapa ni presha, kiharusi na mishipa ya moyo iliyoziba, na hayo sasa ni mengi. Mwaka 1956 Hubert Trowell, aliyefundisha Makerere kwa miaka mingi, aliona kisa kimoja tu cha Mwafrika mwenye mishipa ya moyo iliyoziba kuwa ni habari ya kuandikiwa makala katika jarida la madaktari la Afrika Mashariki. Mwaka 2012, Albertino Damasceno wa Maputo na wenzake walipochapisha uchunguzi wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, presha ndiyo iliyoongoza kwa visababishi, na wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa miaka 52. Ulaya ugonjwa huo ni wa wazee wa miaka 70 na zaidi. Kwetu unamkuta mtu bado analipa ada za shule.

Sasa tuingie jikoni. Moyo hupiga karibu mara 100,000 kwa siku, na kila pigo husukuma damu kwenye mishipa inayopaswa kunyumbulika. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi huufanya mwili ubakize maji, ujazo wa damu unaongezeka, na kuta za mishipa zinasukumwa mchana na usiku. Miaka ikipita zinakakamaa, kama mpira wa kumwagilia uliosahauliwa juani. Potasiamu hufanya kinyume: huzisaidia figo kutoa sodiamu na huilegeza mishipa. Ndiyo maana wataalamu hawaulizi tu umekula chumvi kiasi gani, bali umekula chumvi kiasi gani kwa mboga kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa yote: ya ugalini kwa wanaoitia, ya mchuzini, ya mkateni, ya ng'onda na papa mkavu, ya embe bichi la pilipili.

Katika nchi tajiri chumvi nyingi hutoka kiwandani, ikiwa imeshatiwa kwenye chakula kabla hakijanunuliwa. Kwetu bado nyingi hutoka kwenye mkono wa mpishi, na hilo ni jambo la kututia moyo, kwa kuwa mkono wa mpishi unaweza kubadilika leo jioni. Lakini hali inageuka. Kidonge cha mchuzi kimeingia kwenye kila sufuria, na wapishi wengi hukitia juu ya chumvi bila kupunguza chumvi yenyewe, kwa vile kinahesabiwa kuwa kiungo. Ukikitumia, hesabu kwamba umetia chumvi. Na kikopo cha chumvi kiondoke mezani. Kwenye chipsi, onja kwanza.

Upande wa pili wa mizani ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu unamwongezea mtu chakula badala ya kumnyang'anya. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la mlo walioupa jina DASH: mboga na matunda kwa wingi, maziwa yenye mafuta kidogo, nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde na karanga. Chumvi hawakuipunguza, uzito hawakuugusa. Kwa wenye presha, namba ya juu ilishuka kwa wastani wa milimita 11 za zebaki ndani ya wiki 8, kiasi kinachokaribia nguvu ya kidonge kimoja cha presha. Mlo huo ukiusoma kwa macho ya Mtanzania au Mkenya, si mgeni hata kidogo. Ni ugali wa dona, maharage au mbaazi, mchicha, matembele au mnafu, mtindi, papai na ndizi. Wengi wetu tulilelewa kwa chakula hicho, kisha tukakiona cha kimasikini mara tulipopata mshahara. Sembe nyeupe, nyama choma na soda vikawa ndiyo heshima ya meza. Natamani kuona mchicha ukirudi kwenye karamu za harusi.

Ipo pia chumvi mbadala, ambayo sehemu ya sodiamu yake imeondolewa ikatiwa potasiamu. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la China, katika vijiji 600 na watu karibu 21,000 ambao wengi wao waliwahi kupata kiharusi. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida, nusu vikapewa chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu. Katika vijiji vya pili viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo unaopendekeza chumvi ya aina hiyo kwa watu wazima, isipokuwa wenye ugonjwa wa figo na wengine ambao potasiamu ikizidi mwilini ni hatari kwao. Anayemeza dawa za presha amuulize daktari kwanza, kwani baadhi ya dawa hizo nazo hupandisha potasiamu.

Swali ninaloulizwa mno na watu wa Pwani ni la nazi. Jibu lake linataka uvumilivu. Mafuta ya nazi yana wingi wa yale mafuta yanayoganda, na majaribio yameonyesha kwamba hupandisha lehemu mbaya kuliko mafuta ya maji kama ya alizeti. Lakini wapo watu wa visiwa vya Tokelau, katika Bahari ya Pasifiki, ambao walipochunguzwa na Ian Prior na wenzake zaidi ya nusu ya nishati ya chakula chao ilitoka kwenye nazi, na maradhi ya mishipa yalikuwa machache kwao. Watetezi wa nazi hukomea hapo. Ukisoma zaidi, lehemu yao ilikuwa juu kuliko ya watu wa kisiwa cha Pukapuka, waliokula nazi kidogo kuliko wao; kwa hiyo nazi ilifanya kazi yake ileile. Yaelekea kilichowalinda ni maisha mengine yote: samaki, chumvi kidogo, sukari kidogo, kutwa kwenye ngalawa na mashamba. Ushauri wangu unatokana na hapo. Mchuzi wa samaki wa tui si adui wa mvuvi. Kwa anayekaa ofisini mchana kutwa, akaanza na maandazi na kumaliza na wali wa nazi, tui la kwanza, lile zito, libaki kuwa la siku maalumu.

Kama unadhani aina ya mafuta ni jambo dogo, itazame Morisi, jirani yetu katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1987 serikali ya kisiwa hicho ilibadili muundo wa mafuta ya kupikia ya bei nafuu, yaliyokuwa zaidi ya mawese, yakawa ya soya. Hakuna aliyeambiwa aache chapati wala kari. Kufikia mwaka 1992 wastani wa lehemu wa watu wazima ulishuka kutoka takriban 5.5 hadi 4.7, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Kushuka kwa taifa zima kwa kiasi hicho, ndani ya miaka 5, kumeonekana mahali pachache sana. Inanikumbusha kwamba afya ya moyo haiamuliwi na nidhamu ya mtu mmoja tu. Huamuliwa pia na kilichopo dukani kwa bei anayoimudu mama lishe.

Na samaki? Hapa tena tuna ushahidi wa nyumbani. Mwaka 1996 ulichapishwa uchunguzi wa Lugalawa, wilayani Ludewa, kusini mwa Tanzania. Wanakijiji wa milimani waliokula mimea karibu tupu walilinganishwa na ndugu zao wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa waliokula samaki gramu 300 hadi 600 kwa siku. Walaji wa samaki walikuwa na presha ya chini zaidi na mafuta mazuri zaidi ya damu. Uchunguzi wa namna hii hauwezi kuthibitisha kwamba samaki peke yake ndiye aliyeleta tofauti, kwa sababu mlima na ziwa vinatofautiana kwa mengi. Pamoja na hayo, unakubaliana na tafiti nyingine nyingi, na dagaa wa sokoni, asiyekaangwa kwa mafuta mengi wala kulowekwa chumvi, ni chakula cha moyo cha bei ndogo kuliko vyote ninavyovijua.

Kutoka kwa samaki ndipo tunafika kwenye vidonge, na hapa naomba msomaji asome taratibu, kwa kuwa pesa nyingi za watu wenye hofu hupotelea hapa. Hadithi ya omega 3 ni somo lenyewe. Miaka ya 1970 watafiti wa Denmark walieleza habari za watu wa Greenland waliokula wanyama wa baharini na damu zao zilivyokuwa na mafuta tofauti. Mwaka 1999 jaribio la Italia lilionyesha kwamba wagonjwa waliokwisha kupata mshtuko wa moyo walinufaika kwa vidonge vya mafuta ya samaki. Dunia ikavinunua. Kisha, mwaka 2018, majaribio 2 makubwa, moja la Uingereza na moja la Marekani lenye washiriki zaidi ya 25,000, yakakuta kwamba kidonge cha gramu 1 kwa siku hakikupunguza jumla ya mishtuko ya moyo na viharusi kwa watu ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo. Dawa maalumu ya aina hiyo, gramu 4 kwa siku kwa cheti cha daktari, ilisaidia wagonjwa fulani, nayo ikaongeza hatari ya moyo kupiga bila mpangilio. Vitamini E ilipita njia hiyohiyo: matumaini makubwa, kisha mwaka 2000 jaribio la watu zaidi ya 9,000 halikuona faida kwa moyo. Kwa nini samaki asaidie na kidonge kishindwe? Moja ya sababu ni kwamba anayekula samaki hali kitu kingine mahali pake, soseji kwa mfano. Kidonge hakiondoi kitu sahanini.

Vya asili navyo vipimwe kwa haki ileile. Choya, ambayo wengine huiita rozela, ina jaribio la mwaka 2010 la Diane McKay wa Marekani: watu 65, vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6, namba ya juu ikashuka kwa takriban milimita 7 dhidi ya 1 kwa waliokunywa kinywaji cha kulinganishia. Ni jaribio dogo, lakini ni la kweli, na choya isiyotiwa sukari ni kinywaji kizuri. Kitunguu saumu kina ushahidi wa kushusha presha kidogo. Mlonge na habasoda bado vinangoja majaribio makubwa yenye uangalifu. Ninachokikataa kwa nguvu zangu zote ni muuzaji anayemwambia mgonjwa aache dawa za presha kwa sababu ameanza chupa yake. Presha haiumi; aliyeacha dawa hujisikia salama mpaka asubuhi anayoamka upande mmoja wa mwili haumtii. Na mwenye valvu ya bandia anayemeza warfarini amwambie daktari kila kitu anachokunywa, hata kitunguu saumu cha kutafuna na mboga za majani alizoziongeza ghafla.

Imebaki habari ya mashaka. Kwa muda mrefu madaktari waliichukulia kuwa ni maneno ya wagonjwa. Mwaka 2004 uchunguzi wa INTERHEART, ulioongozwa na Salim Yusuf, uliwalinganisha wagonjwa wa mshtuko wa moyo na watu wazima wa afya katika nchi 52. Waliosema wanaishi katika msongo wa kudumu walikuwa na uwezekano wa kupata mshtuko takriban mara 2 ya wasio na msongo, na shida za pesa zilikuwa miongoni mwa yaliyopimwa. Njia zake zimeanza kujulikana. Mwaka 2017 Ahmed Tawakol na wenzake walionyesha kwamba watu ambao sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu ilikuwa na kazi nyingi walikuwa na uvimbe zaidi katika kuta za mishipa, na baadaye walipata zaidi maradhi ya moyo.

Ipo tiba ndogo iliyo karibu nasi. Mwaka 2001 Luciano Bernardi alipima watu waliosali rozari kwa Kilatini na waliotamka mantra, akaona pumzi yao ikitulia hadi takriban mara 6 kwa dakika, na ule mfumo wa mwili unaosawazisha presha ukafanya kazi vizuri zaidi. Nyiradi za misikitini hazikuwamo katika jaribio lile, ila anayezijua ataitambua pumzi hiyo. Usingizi wa kutosha, kutembea, na kikao cha watu unaowaamini navyo vina nafasi yake, na vitapata sura nzima. Lakini sitaki kumwambia dereva wa bodaboda aliyebanwa na mkopo wa kausha damu kwamba tatizo lake ni namna anavyopumua. Riba ile ni jambo la moyo kama chumvi ilivyo. Mtaalamu wa kinga anayeandika juu ya mchicha na kunyamaza juu ya madeni, saa za kazi na hofu ya kufukuzwa nyumba amesoma nusu tu ya ule utafiti wa Nairobi, nusu ya mkojo, akaiacha ya mapigo.

Sura ya 1 inahusu kipimo, na itakuwa nyepesi kwako ukija na namba zako. Nenda zahanati au duka la dawa lenye mashine. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa kabla. Kaa dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mkanda wa mashine juu ya ngozi na si juu ya shati. Pima mara 2, dakika 1 au 2 kati yake, na siku nyingine tena. Andika namba ya juu, namba ya chini, tarehe na saa. Ikifika 140 juu au 90 chini kwa siku tofauti, muone daktari usingoje kumaliza kitabu. Ikifika 180 juu au 120 chini, nenda siku hiyohiyo. Na kama nyumbani kuna mzazi ambaye hajawahi kupimwa, nenda naye.